Bwana Kanuni na Ufunguo wa Kabati

Mahali palipokuwa na kituo cha zimamoto cha baba yangu, siku hizi wanauza vigae na masinki. Nikipita pale huwa napunguza mwendo. Lango pana la kutokea gari limezibwa kwa matofali, lakini sakafu ya mbele ni ileile, na ukiinama kidogo utaziona alama nyeusi za magurudumu ambazo hakuna sabuni iliyowahi kuzitoa. Dada muuzaji hunifuata: "Karibu mama, unatafuta vya bafuni au vya sebuleni?" Namjibu naangalia tu. Na kweli naangalia, ila siangalii vigae.

Baba aliongoza kituo kile tangu sijaota meno mpaka nikawa mama wa watoto. Mji mzima ulimwita Bwana Kanuni, wengine kwa heshima, wengine kwa kumcheka, naye aliwaitikia wote sawasawa. Alikuwa mtu mfupi, mabega mapana, sauti ndogo. Hakuwahi kupiga kelele penye moto. Alisema mkuu anayepayuka huwasha moto wa pili, na maji waliyobeba ni ya moto mmoja tu.

Kanuni zake zilikuwa kwenye ukuta wa chumba cha zamu, zimepakwa rangi nyeupe juu ya ubao mweusi. Alizipaka mwenyewe, na mwandiko wake ulikuwa unapanda mlima: kila mstari unaanza chini unaishia juu. Nilizijua kwa kichwa kabla sijajua kuzidisha. Kengele ikilia, ulichoshika kiache. Mpira wa maji huanikwa kabla mtu hajala. Kwenye moshi, mkono wa kulia usiachane na ukuta. Aliyekunywa pombe asikanyage kituoni hata kama hayuko zamu. Penye moto hapachekwi mpaka gari lipite kona.

Hiyo ya mwisho wageni waliidhani mzaha. Haikuwa mzaha. Moto huwatoa watu akili. Mtu anaacha vitu vyote vya maana ndani, anatoka mbio amekumbatia mto wa kulalia. Kuna seremala mmoja alitoka kwenye nyumba inayoungua amebeba mlango. Kaung'oa, kajitwika kichwani, jasho linamtiririka, na mkewe anamwuliza, "Sasa huo tutaufungia wapi, mume wangu?" Wazima moto walikaza nyuso kama wako msibani. Gari lilipopita kona, dereva alisimama kabisa, akalaza kichwa kwenye usukani, na gari zima likatikisika kwa kicheko. Baba naye alicheka, mabega tu, bila sauti.

Tulikaa kwenye kota nyuma ya kituo, vyumba viwili na jiko, ukuta mmoja tunachangia na familia ya dereva. Kikohozi chao tulikijua, na ugomvi wetu waliujua. Baba alileta kanuni mpaka nyumbani. Viatu vilale vikitazama mlango. Ndoo ya mchanga isiondoke pembeni mwa jiko. Mama alivumilia mengi, lakini siku baba alipoanza kukagua namna anavyopanga sufuria, alimwekea mwiko mkononi akamwambia, "Bwana mkubwa, kule kituoni mkuu ni wewe. Humu ndani mkuu wa zamu ni mimi, na zamu yangu haina mwisho. Toka jikoni kwangu." Baba akatoka. Dereva alimsikia kupitia ukutani, na wiki nzima akawa anampigia mama saluti kila wakikutana bombani.

Mpaka uzeeni baba hakuacha. Alipolazwa ile mara ya mwisho, Mwenyezi Mungu amrehemu, muuguzi alimwuliza anajisikiaje, naye akamwuliza muuguzi mlango wa pili wa kutokea uko wapi. Hakutulia mpaka alipoonyeshwa.

Lakini kanuni iliyomjengea jina ni ile ya mifuko.

Moto ukishazimwa, kabla hawajapanda gari, baba aliwapanga watu wake mstari mmoja mbele ya mwenye nyumba na majirani wote waliojaa, kisha akasema kwa sauti yake ileile ndogo, "Mifuko nje." Kila mmoja, baba akiwa wa kwanza, alivuta bitana za mifuko yake zikaning'inia kama masikio ya mbuzi. Mwenye nyumba akapita, akatazama. Ndipo waliporuhusiwa kuondoka. Watoto mitaani walikuwa na mchezo wao wa zimamoto, na sehemu waliyoipenda haikuwa king'ora wala maji, ilikuwa kuvuta mifuko.

Baba alikuwa na sababu yake. Alipoanza kazi, bado kijana, watu wa mji ule waliwaita wazima moto mchwa. Moto unakula, mchwa wanamalizia, ndivyo walivyosema. Nyumba ikiungua, pete zinapotea, saa ya ukutani inapotea, na haijulikani ni moto au ni mkono. Siku moja walifika kwa mjane mmoja, nyumba inatoa moshi kila upande, na yule mama akasimama mlangoni na panga. "Hamuingii. Bora iungue niokote majivu yangu mwenyewe." Iliungua yote. Baba alikuwa ameshika mpira wa maji mkononi umejaa tele, na hakuruhusiwa kuutumia. Alitusimulia jambo lile mara chache sana, na kila mara alikuwa akiisugua mikono yake kwenye suruali. Alipokuja kuwa mkuu, kitu cha kwanza alichopaka ubaoni kilikuwa hiki: hakuna kufungua kabati, sanduku wala mtoto wa meza, na atakayekutwa na kitu cha mwenye nyumba mfukoni, kazi ameacha siku hiyohiyo. Ikachukua miaka, lakini watu wakaanza kutufungulia milango. Hata funguo za milango ziliwekewa utaratibu. Mzima moto akipita mlango wenye ufunguo, anauchomoa ili mlango usije ukajifunga nyuma yake au mtu aliyechanganyikiwa asimfungie ndani. Akitoka anaukabidhi kwa mwenzake anayelinda mlango mkubwa, naye anamrudishia mwenyewe.

Sasa niseme habari za Ngazi.

Walimwita Ngazi kwa urefu. Aliletwa kituoni nilipokuwa nimekwisha maliza shule ya msingi na niko nyumbani namsaidia mama kushona. Chumba cha wasiooa kilikuwa ng'ambo ya uwanja, na bomba lilikuwa katikati. Yule bwana alikuwa na kiu isiyo ya kawaida. Kila nikienda bombani, naye anakuja na kikombe. Kikombe, si ndoo. Dereva akasema, "Ngazi, utayamaliza maji ya serikali kwa kijiko." Alikuwa mpole, mwenye aibu, hanitazami machoni, anatazama ndoo yangu na kusema, "Imejaa hiyo," kana kwamba mimi sioni. Nilimpenda hivyohivyo.

Siku moja alikwenda kwa baba ofisini, akasimama wima kabisa kama yuko gwarideni.

"Mkuu, naomba ruhusa ya kumtuma mjomba wangu nyumbani kwako."

"Kwa jambo gani?"

"Kwa… kwa binti, Mkuu."

Baba akamaliza kusoma alichokuwa akikisoma, kisha akasema, "Ruhusa ya kutuma umepata. Ruhusa ya kupata bado." Mjomba akaja, mtu wa maneno mengi, akaleta salamu na maombi. Baba akamwambia atajibu. Tulikuwa tunasubiri jibu hilo, mimi ndani ya roho yangu nikihesabu kila anavyokohoa, ndipo duka la vitambaa likashika moto.

Ilikuwa mchana, jua kali, nami nilikuwa sokoni na kapu langu. Nilisikia king'ora, nikaona moshi mzito ukitoka nyuma ya duka kubwa la vitambaa, upande wanaoishi wenyewe. Nikakimbia na watu wengine. Gari likafika, baba akashuka, mipira ikatandikwa. Mwenye duka alikuwa anatupa majora ya kitambaa barabarani. Mkewe alikuwa anapiga kelele jina moja tu, "Mwanangu! Mwanangu yuko wapi?" Alikuwa na mtoto mdogo wa kike ambaye ndiyo kwanza ameanza kukimbia, na hakuna aliyejua yuko ndani au nje.

Baba akamgusa Ngazi begani. Ngazi akavuta kitambaa puani, akapiga magoti, akaingia kwa kutambaa.

Sijui alikaa humo muda gani. Kwangu ulikuwa mrefu. Nilishika kapu langu mpaka vijiti vikanichora viganjani, nikawa namwomba Mungu maneno yasiyo na mpangilio. Halafu kutoka ng'ambo ya barabara tukasikia sauti ya fundi viatu: "Jamani, huyu si ndiye? Yuko hapa, kalala juu ya ngozi zangu!" Mtoto alikuwa amevuka zamani, kajilaza kivulini kwake. Mama akamrukia. Baba akapiga filimbi ya kutokea, na Ngazi akatoka, mweusi kama sufuria, anakohoa mpaka amejikunja.

Moto ukazimwa. Vyumba viwili viliharibika, duka likapona. Wakapangwa mstari.

"Mifuko nje."

Baba akavuta yake. Wengine wakavuta. Ngazi akavuta ya kushoto, kisha ya kulia, na kitu kikadondoka kwenye saruji kikalia ting'. Kilikuwa ufunguo mdogo wa shaba, una kishada cha uzi mwekundu.

Mwenye duka akaokota, akaugeuzageuza kama asiyeujua ni wa wapi.

Baba akamsogelea Ngazi. Nilikuwa karibu, nilimsikia vizuri. Akamwuliza, taratibu, "Ni ufunguo wa mlango uliopita?"

Ninavyokumbuka, hakuna mtu pale angeweza kubisha. Milango ya nyuma ilikuwa imeungua, vitasa vimeanguka. Angesema ndiyo, amesahau tu kuukabidhi, angepata karipio na kuosha mipira. Naamini baba alimfungulia njia ile kwa makusudi, Mungu ndiye ajuaye.

Ngazi akasema, "Hapana, Mkuu. Ni wa kabati."

Mwenye duka akaruka. "Mmesikia? Mmesikia wenyewe? Kabati la mke wangu hilo! Dhahabu zake zimo humo! Bwana Kanuni, ubao wako unasemaje?" Na nyuma ya umati mtu mmoja, sikumwona nani, akatamka lile neno ambalo halijasikika mjini miaka mingi: "Mchwa."

Baba alifumba macho kidogo kama aliyepigwa na mchanga. Akasema shauri litasikilizwa kesho asubuhi uwanjani, mwenye duka na mkewe waje. Wakapanda gari. Kona ikapita na hakuna aliyecheka.

Jioni ile nilikuwa nimekaa na cherehani yangu bila kushona. Ukutani nilimsikia dereva anamfokea Ngazi, maana alikuwa amemwita kwake ale. "Wewe ni mtu wa namna gani? Kaka, ungesema mlango! Neno moja tu! Mkuu amekuwekea mlango wazi kabisa, wewe umepita dirishani!"

"Aliniuliza," Ngazi akasema.

"Aliniuliza, aliniuliza! Mimi mke wangu huniuliza mambo mangapi? Nikijibu yote si ningelala nje? Na yule binti je? Umemfikiria?"

Nikamsikia Ngazi, kwa sauti ya chini, "Nimemfikiria. Ndiyo maana." Sikuelewa vizuri siku ile. Nililia tu, nikajifuta kwa kitambaa cha mteja.

Chumba cha pili baba alikuwa hajagusa chakula. Mama akamwuliza, "Utamfukuza?"

"Kanuni inasema."

"Kanuni ni nani? Si wewe uliyeipaka na brashi? Nilikushikia kopo la rangi mimi."

"Ndiyo maana siwezi kuipita," baba akasema. "Nikimwacha, watasema nimemwacha kwa kuwa anataka kumwoa binti yangu. Na kesho mjane mwingine atasimama mlangoni na panga. Nikimfukuza… mke wangu, umemwona alivyotoka mle ndani? Aliingia kumtafuta mtoto wa watu akitambaa. Nimfukuze vipi?"

"Basi omba," mama akasema. "Ukishaomba, ule. Mkuu mwenye njaa huhukumu vibaya." Wakaomba pamoja. Nami upande wangu nikapiga magoti. Sikuomba nipate mume. Niliomba asifukuzwe kwa jina la mwizi, maana jina hilo halitoki hata ukihama mji.

Asubuhi wakakusanyika uwanjani. Wanawake wa kota tulikaa barazani tunachambua na kufua, masikio yote kule. Utaratibu wa baraza lao ulikuwa hivi: anaanza kusema mdogo kuliko wote kikazi, anamaliza mkubwa, na hakuna kusema mara mbili. Baba alisema ukianza na mkubwa, wadogo wote watakula kwenye sahani yake.

Ngazi akatakiwa aeleze. Akaeleza kwa kifupi, mikono imeshikana nyuma. Moshi ulikuwa haumwonyeshi hata mkono wake. Alifuata ukuta kwa mkono wa kulia kama ubao unavyosema. Akapapasa mlango, una ufunguo; akauchomoa kama alivyofundishwa, akautia mfukoni, akafungua, akaingiza kichwa aite mtoto.

"Kichwa kikaenda wapi?" mwenye duka akauliza kwa kejeli.

"Kwenye magauni," Ngazi akasema. "Niliita, nikapapasa, nikakuta magauni. Nikadhani ni pazia, nikasukuma mbele niingie chumbani. Nikagonga ubao. Hapo nikajua ni kabati."

Barazani mke wa dereva alijifunika uso na kanga, mabega yanacheza. Hata uwanjani kuna mtu alikohoa kwa namna isiyo ya mafua. Hebu mfikirie mtu mrefu vile, kaingia kabatini anatafuta chumba.

"Na ulipojua ni kabati?" baba akauliza. Yeye hakutabasamu.

"Nikapapasa chini, Mkuu, mpaka pembeni. Mtoto mdogo anaenea. Halafu nikasikia filimbi, nikatoka. Ufunguo nikausahau."

Wakasema mmoja mmoja. Wa kwanza, mgeni kazini, aliogopa, akasema afukuzwe maana ndivyo ilivyoandikwa. Wengine wakasema hivi na vile. Dereva alipofikiwa akasimama, akavuta suruali juu. "Mimi jana nilikuwa na pampu, sijui kabati wala kitanda. Ninachojua ni kwamba mwizi hakosi kujua kabati ni kabati. Huyu alidhani ni mlango wa chumba! Kama ni mwizi, basi ni mwizi mbovu kabisa, afukuzwe kwa kutojua kazi ya wizi." Hapo ikabidi baba asubiri watu watulie.

Mwenye duka akasema yake. Dhahabu iko salama, hilo alikiri, mkewe ameikagua. "Lakini ubao ni ubao. Mmetuambia wenyewe hamfungui makabati. Sisi tukawaamini kwa ajili hiyo. Leo akifungua kwa bahati mbaya, kesho atafungua kwa bahati nzuri." Na mimi nikaona kwamba hasemi uongo. Ndilo lililonitia baridi.

Ndipo mkewe akasimama na mtoto kiunoni. Alikuwa mwanamke wa maneno machache, hata dukani ni mume aliyekuwa akisema.

"Baba watoto," akasema, "huyu mtoto akisikia radi hujificha wapi?"

Mwenye duka akamtazama mtoto.

"Sema tu, watu wako hapa wanakusikia."

"Kabatini," akasema.

"Na akisikia wewe unapiga kelele na wateja?"

"Kabatini."

"Basi mimi jana nilipokuwa nalia pale nje, moyo wangu ulikuwa ndani ya kabati lile. Nilitaka kusema mfungue kabati, mdomo ukawa hautoi neno. Huyu kaka alifungua bila kuambiwa." Akamgeukia baba. "Shikamoo, Mkuu. Mimi sijasoma ubao wenu. Lakini kama ubao unasema mtoto akiwa kabatini aachwe humo, naomba mje muung'oe ubao huo mkaupikie." Akakaa chini. Mtoto akaanza kumchezea pua.

Baba akasimama, na akasema maneno ambayo sikuwahi kumsikia akiyasema, wala kabla, wala baadaye.

"Kanuni ile niliiandika mimi, na niliiandika vibaya. Niliandika nikiwawaza wezi, nikawasahau watoto. Kosa la kufungua kabati si la huyu bwana. Ni la mwandikaji." Akamwomba dereva alete kopo la rangi. Mbele ya wote akaingia chumba cha zamu, akaongeza chini ya ule mstari maneno manne: ila kwa kumtafuta mtu. Maneno yenyewe yalipanda mlima mpaka yakagonga fremu ya ubao.

Akarudi, mkono una rangi. "Lakini ufunguo wa mtu ulitoka nyumbani kwake ukiwa mfukoni. Ulitakiwa ukabidhiwe mlangoni. Ukisahau ufunguo leo, kesho utamsahau mwenzako ndani ya moshi. Kwa hilo, mkanda."

Adhabu ya mkanda niieleze, maana siku hizi haipo. Mzima moto alikuwa na mkanda mpana wa ngozi unaobeba shoka lake. Aliyekosea kwa uzembe alivuliwa mkanda mbele ya wenzake, na kwa muda wa adhabu hakuruhusiwa kufunga mkanda mwingine wowote, wala kamba, kazini wala nyumbani wala njiani. Akitembea, mkono mmoja umeshika suruali, anakumbuka. Baba akasema, "Mwezi mmoja." Ngazi akafungua mkanda wake mwenyewe, akaukunja vizuri, akaukabidhi kwa mikono miwili. Mwenye duka akasogea, akanyoosha mkono, wakapeana. "Ukija dukani," akasema, "njoo nikushonee suruali inayobana."

Kazi alibaki nayo. Nilimshukuru Mungu wangu papo hapo, mikono ikiwa ndani ya beseni la maji ya sabuni.

Lakini jibu langu mimi lilikuwa bado. Siku mbili zikapita, mjomba wake akatuma salamu: wameona ni aibu kuja wakati kijana yuko kwenye adhabu, wanaomba shughuli isogezwe mpaka avae mkanda. Mama aliniangalia, mimi nikaangalia sakafu. Baba akasema, "Waambie waje kesho alasiri. Mwanamume akiwa amevaa mkanda, kila mtu anamwona amesimama vizuri. Mimi nataka kumwona hivi alivyo."

Wakaja. Ngazi alikuwa amekonda kwa mawazo, suruali imezidi kuwa kubwa. Aliingia kiwiko kimebana kiunoni kama mwenye maumivu ya mbavu. Mjomba akaanza maneno yake marefu, na kila alipomwambia, "Simama, mwanangu, uonekane," Ngazi alisimama nusu. Nikaletwa na sinia la chai. Nyumbani kwetu mtu hupokea kikombe kwa mikono miwili, adabu ndiyo hiyo, naye alijua. Alitazama kikombe. Alitazama suruali. Jasho likamtoka. Mama akataka kumwekea kikombe mezani, baba akamzuia kwa jicho.

Ngazi akakaa chini kwanza, sakafuni, kwenye mkeka, mguu huku mguu kule, suruali ikakaliwa vizuri. Kisha akanyoosha mikono miwili, akapokea kikombe kutoka kwangu, na kwa mara ya kwanza akanitazama usoni, si ndoo, si sinia. "Ahsante," akasema.

Mjomba akaona haya. "Msamehe, Mkuu, amekaa chini kama mtoto. Ni huu mkanda…"

"Mkanda nimemvua kwa mwezi mmoja," baba akasema. "Binti nampa moja kwa moja. Kunyweni chai."

Mama akapiga kigelegele kimoja, na ukutani mke wa dereva akakipokea kabla hajaulizwa.